Weka Alama Kwenye Kisanduku

Kabla hujamwona daktari wanakupa karatasi
na kalamu iliyofungwa kwa uzi, kana kwamba utaiiba.
"Katika miezi mitatu iliyopita, vyuma vya meno
vimekusumbua kiasi gani unapokula?"
Kamwe. Mara chache. Mara nyingi. Kila siku.

Mimi Velta, miaka arobaini na tisa,
mwalimu wa imla, Liepaja, ghorofa ya nne bila lifti,
naweka alama penye "kila siku", kisha naifuta,
maana kisanduku hakina nafasi ya tufaha
ninalolikata vipande kumi na sita, kama la mtoto,
wala ya ganda la mkate mweusi ninaloliacha kando ya sahani
na Guntars analichukua bila kuuliza,
kwa adabu ya mtu anayekula haki ya mwenzake.
Wala ya jibini ya sikukuu ya Juni, ile yenye kisibiti:
mbegu moja ilijibanza nyuma ya waya,
watu wakaruka moto, wakaimba hadi alfajiri,
nami nimegeukia uzio, nachokoa.

Hawaulizi habari za upepo.
Januari, upepo wa huku haupigi shavu tu,
unaingia, unakaa kwenye chuma.
Nikingoja tramu nafunga mdomo kama mwenye siri.
Kinywa jumba la maneno, walisema.
Langu limetiwa nondo madirishani.

Nta naibeba mfukoni, naisokota kidoleni
mpaka ilainike, naibandika pale waya inapochoma.
Usiku wa kukazwa, hata uji ni kokoto.
Mama, aliyeishi na pengo lake hadi kaburini,
kiganja mbele ya mdomo kila alipocheka,
angeniambia: jino la pembe si dawa ya pengo.
Na la chuma je, mama?
Picha zake zote ni mkono.

"Umepata shida kutamka maneno?"

Sikiliza. Nilisimama mbele ya darasa la tano
nikasoma: "Babu aliuza samani zake zote."
Waya ilikuwa mpya, ulimi mgeni nyumbani kwake.
Wakainama, wakaandika. Nikakusanya madaftari.
Ishirini na mbili wameandika:
"Babu aliuza thamani zake zote."
Nikacheka peke yangu jikoni, kiganja mbele ya mdomo,
nikashtuka nilipokiona kiganja.

Daftari la ishirini na tatu lilikuwa la Raivo,
asiyesoma kwa sauti tangu ahamie kwetu,
anayeimeza kila "s" au kuitema imevunjika,
wenzake wakimwigiza kwenye ngazi.
Yeye peke yake aliandika "samani".
Maisha yake yote amesema hivyo nilivyosema,
amezoea kulisikia neno zima
ndani ya neno lenye ufa.

Sikumsifu. Sifa nazo huchoma.
Kesho yake nikamwomba asome mstari wa kwanza,
nami nitasoma wa pili.
"Thamaki thaba," akaanza.
Hakuna aliyecheka: ningependa kusema hivyo.
Walicheka wawili.
Nikasoma wa pili, wakacheka wanne.
Raivo akanitazama mdomoni, naye akacheka,
na ndipo nilipoyaona meno yake kwa mara ya kwanza:
yamenyooka, meupe, hayana kosa hata moja.

Muuguzi ananiita. Leo watakaza tena.
Chini kabisa wameacha mstari mmoja:
"Je, una lolote la kuongeza?"
Kalamu inavuta uzi wake.
Naandika "samani", kwa mwandiko wa ubaoni,
herufi moja moja,
nainuka nikiwa tayari nimefungua mdomo.